Weber tatu au SU mbili? Kabureta za Datsun 240Z kwa barabara za Mtwara

Kwa wasio na muda: kama 240Z yako bado ina injini ya L24 iliyotoka nayo kiwandani, bakia na kabureta zake mbili za Hitachi, zile za mtindo wa SU. Kama umeshaweka injini kubwa zaidi ya L28 na kemshafti kali (inayofungua valvu zaidi), chukua Weber 40 DCOE tatu, ila ndani yake weka venturi (pete za kubana hewa) ndogo kuliko utakazoshauriwa na wapenda mbio. Weber 45 waachie wanaokimbia kwenye viwanja vya mashindano, maana huku kwetu matuta yanaanza kabla hujaingiza gia ya nne.

Yangu ni ya 1972. Injini ni L28, cc 2753 badala ya 2393, hedi imechongwa na kemshafti si ile ya zamani. Wazee wa hapa wanaijua gari hii kwa Safari Rally: Edgar Herrmann alishinda nayo 1971, Shekhar Mehta akashinda 1973. Kwa hiyo ukiegesha karibu na Soko Kuu hakosi mtu wa kukuomba ufungue boneti, na wakikuta Weber tatu zimejipanga na tarumbeta sita (midomo ya kuvutia hewa) zinang'aa, simu zote zinatoka mfukoni. Fundi wangu wa Chikongola, mzee aliyezeeka na Land Rover na Peugeot 404, aliziangalia akaniambia, "Mwanangu, gari haiendeshwi boneti ikiwa wazi." Tangu hapo kila nikisoma sifa za kabureta fulani najiuliza kwanza kama zinasemwa na anayeendesha au na anayepiga picha.

Tuanze na SU, kwa sababu watu wanazidharau bure. Ndani yake kuna pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Ukikanyaga, injini inavuta, pistoni inapanda, na sindano iliyoning'inia chini yake inafungua tundu la petroli kwa kiasi hichohicho. Njia ya hewa inajipanua yenyewe kadiri injini inavyohitaji, ndiyo maana SU haistuki ukikanyaga ghafla kwenye mizunguko ya chini. Kubadilisha tabia yake unabadilisha sindano tu, na wengi wenye 240Z wanapenda ile ya SM, inayoongeza petroli huko juu. Kwenye kile kikopo cha juu weka mafuta mepesi ya SAE 20. Ukikiacha kikavu, gari inakohoa ukiongeza mwendo, na mafundi wengi wa siku hizi wanakimbilia kulaumu plagi. Kuoanisha kabureta mbili ni kazi ya asubuhi moja, kahawa ikiwemo.

Sasa Weber. Hapa kila kabureta ina makoo mawili, kwa hiyo kila silinda ina koo lake peke yake, na tofauti unaisikia kwenye mguu: ukigusa pedali tu, injini imeshaitika. Kwenye barabara ya kwenda Lindi, ukishaiacha Mikindani na njia ikanyooka, kuanzia mizunguko 3500 kwa dakika L28 inavuta kwa namna ambayo kabureta zangu za SU hazikuwahi kuitoa. Hilo silibishi.

Lakini namba 40 au 45 ni upana wa mlango tu. Kinachoamua ni venturi, ile pete ya ndani inayobana hewa ili iende kasi na kuifyonza petroli. Gawa cc 2753 kwa silinda 6, unapata kama 459 kwa kila silinda. Kwa ukubwa huo na injini ya kutembelea barabarani, venturi ya milimita 32 inatosha kabisa. Ukiweka 36 kwa tamaa ya nguvu za farasi, hewa inapita polepole mno kwenye mizunguko ya chini, petroli haifyonzwi sawasawa, na gari inamisi kila unapotoka kwenye tuta. Venturi ikishajulikana, izidishe kwa 4 upate pa kuanzia kwenye jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli: 32 inakupa 128, kwa hiyo funga 130. Jeti ya hewa, inayopima hewa ya kuchanganyika na petroli hiyo, ongeza kama 50 juu ya hiyo. Hesabu hii haimalizi kazi, ila inakuzuia kununua jeti ovyo ovyo.

Jeti inayosahaulika ni ya sailensa, yaani ya injini ikinguruma bila kukanyagwa, si ile sailensa ya eksozi. Mjini, nyuma ya bodaboda, injini inaishi kwenye jeti hiyo na vitundu vya kuvukia (vinavyotoa petroli kabla jeti kuu haijaanza) mpaka karibu mizunguko 2500. Wenye gari zinazonuka petroli mjini mara nyingi wanahangaika na jeti kuu ambayo bado hata haijaanza kazi.

Kuoanisha Weber tatu ndiko kunakotenganisha mafundi. Mzee wangu hana mashine. Ana kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa tarumbeta, anahama koo hadi koo akisikiliza mvumo, anagusa skrubu robo mzunguko, anarudi la kwanza. Mtoto akipiga kelele gereji, anafukuzwa.

Joto nalo halina huruma. Hedi ya injini hizi inaingiza hewa na kutoa moshi upande mmoja, kwa hiyo kabureta zimekaa juu ya eksozi. Zima gari mchana kweupe ukanunue pweza, ukirudi petroli imechemka ndani ya mabakuli na injini haiwaki. Dawa ni bati la alumini kati ya eksozi na kabureta, pamoja na vipande vya plastiki ngumu kwenye manifoldi, ile mirija inayozishikiza kabureta kwenye hedi. Hili linazihusu SU pia.

Halafu kuna Newala. Unapanda zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi, petroli inazidi kidogo na plagi zinaanza kuwa nyeusi. Usikubali fundi apunguze jeti ukiwa huko juu, maana ukishuka pwani mchanganyiko unakuwa mwepesi, na huo ndio unaotoboa pistoni. Seti Mtwara, vumilia Newala. Na tarumbeta zivalishe sponji yenye mafuta kabla vumbi jekundu halijageuka msasa ndani ya silinda.

Solex za 44 ni nzuri vilevile, ila kupata spea zake ni shughuli. Weber halisi, zamani za Bologna na siku hizi za Hispania, jeti zake bado zinapatikana kwa kuagiza. Za kuiga zipo nyingi kwa bei nusu. Seti niliyoishika mimi ilikuwa na shafti inayocheza ikiwa mpya, na hewa inayopenya hapo haina jeti ya kuirekebisha. Seti halisi, ukiongeza manifoldi na usafirishaji, inakaribia bei ya bajaji ya mkononi.

Zangu zimefungwa hivi: venturi 32, jeti kuu 130, hewa 180, sailensa 50F9, presha ya petroli isizidi psi 3. Mwenye L28 aanzie hapo. Mwenye L24 anayeng'ang'ania Weber kwa ajili ya boneti, ashuke venturi 30 na jeti kuu 120.