Revit ya wanafunzi: nimekaa nayo mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Nyie mnaoanza mwaka wa pili akitekcha mnaouliza mchukue softiwea gani, mimi Revit, softiwea ya Autodesk ya kuchora majengo kama modeli moja, nimeitumia mwaka mzima kwenye laptopu ya mtumba ya RAM GB 8, ngoja niwaambie. Hela hutoi, Autodesk wanatoa leseni ya bure ya mwaka mmoja, ukithibitisha bado unasoma unaongeza. Mwenye Mac asihangaike, inataka Windows.

Utamu wake uko kwenye kubadilisha. Mwaka wa kwanza tulichora kwa mkono, ukisogeza ukuta kwenye plani (nyumba ikionekana kutoka juu) basi na sekshen (nyumba kama imekatwa wima) na elevesheni (sura ya nje) unakaa unakwangua wino kwa wembe mpaka alfajiri. AutoCAD, softiwea nyingine ya kuchora, nayo mstari ni mstari tu, plani haijui habari za sekshen. Kwenye Revit ukisogeza ukuta kila mchoro unajirekebisha, hadi jedwali la milango.

Shida ni vipimo inavyokuja navyo. Levo ya 2, yaani sakafu ya ghorofa ya juu, unaikuta imekaa mita 4 juu, ukuta milimita 200, mlango 915 kwa 2134. Mimi kwa uvivu nikaviacha. Siku ya juri, yaani ya kutetea kazi mbele ya malecha, lecha mmoja akaweka rula ya skeli kwenye sekshen yangu akauliza, hii nyumba ya familia mbona kimo cha ukumbi wa harusi? Nikabaki natoa macho, ningesemaje, si niliikuta hivyo! Tofali letu la inchi 6 ni milimita 150 kabla ya plasta, huo ukuta unautengeneza mwenyewe, na dirisha la nondo ndo kabisa, lilinila jioni mbili.

Halafu haijisevu yenyewe, inakukumbusha tu, ukipuuza umeme ukakatika na betri ndo ile ya mtumba, imekula kwako. Na faili la toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, nilipeleka flashi kwa jamaa wa kuprinti A1 asubuhi ya kukusanya kazi, tukabaki tunaangaliana. Bebeni PDF.

Nyota 4. RAM tafuta 16 kama mfuko unaruhusu, na nunua futi kamba ya fundi, pima milango na ngazi unazopita kila siku ndo ukae kwenye laptopu. Mimi nimepima ngazi za ninapopanga, kila kipandio kina kimo cha milimita 195, kumbe ndo maana tunafika juu tunahema.