Sinema bubu za kauboi: kabla hujalipa, mtazame anayetembea

Nilinunua diski ya William S. Hart kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei chee, kava linang'aa. Hart sifa yake ni uzito: anaingia baa polepole, kama mzee aliyekuja kudai mahari. Kwenye diski yangu steringi huyo anahangaika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo habari za picha kali waulizeni wengine. Mimi ugomvi wangu ni mwendo. Enzi zile kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu, yaani picha moja moja za mkanda, 16 hadi 20 kwa sekunde. Mtengeneza diski mvivu akiupitisha mkanda kwa fremu 24, filamu ya saa nzima iliyopigwa kwa 18 inaisha dakika ya 45. Farasi watakudanganya, maana kazi yao ni kukimbia. Mtazame mtu anayevuka chumba, au anayemimina kinywaji.

Diski za kununua? Namba moja, na upendeleo wangu sifichi, ni ya kampuni ya Kino Lorber: Straight Shooting ya 1917, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji John Ford. Ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipoibuka kwenye hifadhi ya filamu ya Prague. Humo steringi Harry Carey anasimama ameushika mkono wake mmoja kwa mwingine, pozi ambalo John Wayne alikuja kumwigia mwaka 1956. Harakisha mkanda, pozi lile linakuwa mtu anayejikuna.

Namba mbili ni Treasures 5: The West ya National Film Preservation Foundation: filamu 40, diski 3, kuanzia 1898 hadi 1938. Tatu, The Covered Wagon ya 1923. Ndiyo, Kino tena.

Za bei chee? Acha.

Kinachoniudhi zaidi ni neno "adimu". Kule Marekani filamu hizi za kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki, yeyote anazinakili, halafu unauziwa kama lulu. Adimu ni za steringi Tom Mix, ambazo nyingi ziliteketea kwenye moto wa ghala la kampuni ya sinema ya Fox, New Jersey, mwaka 1937.

Nauli ya kifurushi ilizidi bei ya diski. Nikamwandikia muuzaji: mkanda huu umepitishwa fremu ngapi? Akajibu kwamba kava ni la rangi.