Kabla hujalipia gurudumu la kunolea vito, uliza tundu

Nina gurudumu jipya la almasi, namba 80 (namba ikiwa ndogo, chembe za almasi ni kubwa), ambalo kazi yake siku hizi ni kuzuia mlango wa karakana usipigwe na upepo. Nililisubiri wiki sita. Muuzaji wa mtandaoni aliandika "inchi 6 kwa inchi 1 na nusu", na kweli ndivyo lilivyo. Hakuandika upana wa tundu la katikati, linapopita shafti. Shafti ya mashine yangu ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Tundu la gurudumu lake ni milimita 25 kamili.

Nikalipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, akalipanua, likaingia. Nikawasha. Tu-tu-tu-tu! Tundu lilikuwa limehama kidogo sana kutoka katikati, jicho halioni, lakini kwa mizunguko karibu 1,800 kwa dakika vidole vinaona. Nilikuwa nimeshika jiwe la Longido, lile la kijani lenye rubi ndani, ambalo wengine huliita anyolite kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Kila pigo lilimega zoisaiti, yaani ile sehemu ya kijani, pembeni mwa rubi. Jiwe la pete likaishia kuwa la hereni, kisha likawa la kutupa.

Kwa hiyo msiniulize kwanza habari za namba. Namba zimeandikwa kwenye boksi. Uliza tundu, na kama gurudumu linakuja na bushi zake, vile vipete vya kujaza tundu likizidi shafti. Likifika, chomoa mashine kwenye umeme, lifunge, kisha egemeza kalamu ya wino mzito (makapeni) kwenye kikinga maji, ncha yake ikaribie uso wa gurudumu bila kugusa. Zungusha kwa mkono, ukiisogeza ncha kidogo kidogo. Wino ukigusa upande mmoja tu, hapo ndipo palipoinuka. Legeza nati, geuza gurudumu robo mzunguko juu ya shafti, pima tena. Mara nyingine linatulia. Likikataa kabisa, lirudishe, kama muuzaji wako ni wa kurudishiwa.

Sasa niyapange magurudumu kwa ninavyoyapenda. Ya kwanza ni Nova za Diamond Pacific, ya California, na sioni haya kusema napendelea. Ni resini yenye almasi juu ya mto laini, hivyo mgongo wa jiwe unazama kidogo na haubaki na vibapa. Nina za 280, 600 na 1200. Ila ile ya 280 ikiwa mpya ni kali kama paka wa jalalani: inole kwanza kwa kipande cha akiki usichokijali, la sivyo itachora mikwaruzo utakayokuja kuiona umeshafika 1200, na hapo ni kurudi mwanzo. Na usiipelekee jiwe lenye ncha. Kona zote zimalizie kwenye magurudumu magumu, kwa sababu ncha moja inaweza kuchimba mfereji kwenye resini, na mfereji haufutiki. Kwa jiwe la Longido, bonyeza kidogo tu. Rubi ina ugumu wa 9 na zoisaiti haifiki 7, kwa hiyo ukikandamiza, kijani kinalika na rubi inabaki imesimama kama kipele.

Kwa namba 80 na 220, kama mfuko unaruhusu, chukua yale ambayo almasi imechanganywa na chuma kwa unene wote. Yakianza kuteleza bila kukata, yapitishie kijiti cha kunolea pamoja na maji, almasi mpya inatokeza. Yale ya kupakwa almasi tabaka moja kwa nikeli ndiyo wengi tunayatumia, na si mabaya. Yakichoka, yavue uyageuze yazunguke kwa upande wa pili, utapata siku za nyongeza. Tabaka likiisha, limeisha, hakuna kunoa.

Ya silikoni kabaidi, yasiyo na almasi, ni ya bei rahisi. Yanapoteza mviringo haraka, na ukiyaacha yamesimama kwenye maji usiku, upande mmoja unanywa, asubuhi yanayumba.

Maji yasikosekane kwa yote hayo, kwa ajili ya gurudumu na kwa ajili ya mapafu yako.

Kinachoniuma si hela tu. Huku kwetu Arusha hatuko mbali na Mirerani kwenye tanzanaiti, mafundi wa vito wapo tele, lakini gurudumu la kunolea tunaagiza kama dawa adimu, tunalipia usafiri, tunalipia ushuru, halafu kulirudisha ni gharama kuliko kulinunua. Na wauzaji wanalijua hilo. Wiki iliyopita nilimwandikia yule yule wangu, nikamwomba kwa upole picha ya tundu likiwa limepimwa kwa kalipa. Akanitumia ile picha ya siku zote, gurudumu juu ya kitambaa cheupe, na chini yake: "Dada yangu, hiyo inafiti mashine zote."