Navyotumia maoni ya wasikilizaji kuchagua podikasti mpya

Mi podikasti nasikilizia kwenye daladala asubuhi na jioni, na bando nanunua kwa mawazo, sasa siwezi kushusha kipindi cha saa nzima halafu nikute ni watu wanachekeshana wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana siku hizi sishushi kitu kabla sijasoma waliosikiliza wanasemaje, na kwakweli inanisaidia sana, ila lazima ujue pa kuangalia.

Nyota peke yake hazitoshi. Spotify, ile app ya kusikilizia, waliziweka mwishoni mwa 2021 na lazima uwe umesikiliza kidogo ndo uruhusiwe kutoa nyota, hapo sawa, lakini nyota 4.8 zinakwambia tu watu wanampenda mtangazaji, hazikwambii sauti ikoje wala wanaingia kwenye mada saa ngapi. Apple Podcasts, ile app ya kwenye iPhone, wao watu wanaandika maelezo kabisa, shida maoni yanagawanywa kwa nchi, yani akaunti ikiwa ya Tanzania unaona ya Tanzania, na huku wengi wetu tuna Android, kwahiyo unafungua podikasti nzuri tu ya Kiswahili unakuta peupe. Usiikatie tamaa, nenda YouTube, watu wetu wako kule kwenye komenti. Salama Na, podikasti ya mahojiano ya Salama Jabir, mi komenti ndo zilinivuta, nikikuta watu wanabishana kuhusu alichosema mgeni najua hapa kuna maongezi ya maana, tofauti na pale wote wameandika hongera tupu.

Ninachotafuta zaidi ni malalamiko. Kuna podikasti moja ya historia ilikuwa na nyota za kutosha, ila watu tofauti wanarudia jambo lilelile, mgeni anasikika kwa mbali, unapandisha sauti, halafu tangazo linaingia linakupasua masikio. Nikaijaribu nyumbani usiku kumetulia na kweli ndo ilivyo, sasa fikiria kwenye daladala redio imefunguliwa mpaka mwisho na konda anaita abiria, utaambulia nini? Nyingine mtu kailalamikia eti mtangazaji anaongea taratibu mno na majina anayarudia rudia, mi nikasema hiyo hiyo ndo naitaka, maana nikishtuka kutoa nauli nikirudi bado nipo naye. Hiyo mpaka leo siikosi.

Angalieni na tarehe jamani, sifa za miaka mitatu nyuma zinaweza kuwa za mtangazaji ambaye alishaondoka zamani.

Sasa hivi natafuta ya kilimo cha mbogamboga, Kiswahili, vipindi visizidi nusu saa. Mwenye nayo anitajie, na aniambie sauti yake ikoje.