Kabari za plastiki na jeki za kona kwenye motohomu: uzoefu wangu

Seti ninayoitolea maoni ni ya motohomu, yaani gari lenye makazi ndani yake, na ina kabari mbili za plastiki nzito zenye vidato vitatu, jeki mbili za mkasi zinazofungwa kwa bolti kwenye chesisi (fremu ya chini ya gari), pembe za nyuma, na pimamaji ndogo ya njia mbili. Kabari ningezinunua tena bila kusita. Jeki nazo ni nzuri, mradi mnunuzi ajue kwamba si za kuinua gari. Kusawazisha gari ni kazi ya kabari, ambazo magurudumu hupanda juu yake. Jeki hufuata baadaye ili gari lisitikisike watu wanapotembea ndani. Jeki nyingi zilizopinda zimepinda kwa sababu mtu alizichanganya kazi hizi mbili.

Kinachodai usawa kuliko vyote ni friji, hasa ile inayotumia gesi na isiyo na kompresa. Ndani yake mchanganyiko wa amonia na maji huchemshwa, mvuke hupanda na kupoa, kisha kimiminika hurudi chini kwa uzito wake wenyewe. Hakuna pampu ya kukisukuma. Gari likiinama sana, kimiminika hutuama njiani na kichemshio hubaki kikavu. Joto linazidi, kemikali ya kuzuia kutu inaganda na kuziba bomba, na mfumo wa kupoza ukishaziba hivyo kwa kawaida hubadilishwa mzima. Friji nyingi za aina hii huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 kwa mwelekeo mmoja na 6 kwa mwelekeo mwingine, yaani ubavuni au mbele na nyuma. Kijitabu cha friji yako kitakwambia mwelekeo upi ni upi. Friji ya kompresa haisumbui hivyo, lakini hata ukiwa nayo, maji ya bafu yatatuama kwenye kona isiyo na tundu na geji ya tangi itasoma uongo.

Vidato vya kabari hizi vina kimo cha takriban sm 4, 7 na 10. Kwenye gari ambalo magurudumu ya kulia na kushoto yameachana mita 1.8, kila nyuzi 1 ya mteremko wa ubavuni ni kama sm 3, kwa hiyo kidato cha juu kinafuta nyuzi 3 hivi. Kwa urefu wa gari mambo hubadilika kabisa: ekseli zikiachana mita 4, nyuzi 1 inakula sm 7, na ukifika kidato cha juu umepata nyuzi 1 na nusu hata haijatimia. Kwa hiyo kabla ya kutoa kabari, ligeuze gari mpaka mteremko mkubwa uwe ubavuni. Ukifanya hivyo, kabari mbili zinatosha karibu kila mahali panapostahili kuitwa uwanja wa kambi.

Jaza maji kabla ya kupima, si baada. Lita 100 ni kilo 100, na springi za upande wenye tangi zitashuka. Pimamaji iwekwe sakafuni karibu na friji, si juu ya meza, maana meza nyingi zina mguu wa kukunjwa na hazikai sawa. Ijaribu kwanza: isome, igeuze nusu mduara papo hapo, isome tena. Kiputo kikikaa mahali tofauti, pimamaji ni mbovu. Ya seti hii ni sahihi, ila alama zake ni hafifu mno kusomeka kwa tochi.

Sawazisha ubavu kwanza, kisha urefu. Sukuma kabari mpaka iguse tairi la upande ulioinama, ikiwa imenyooka na gurudumu. Dereva apande kwa gia ya kwanza polepole, na mtu wa pili asimame pembeni, asisimame kamwe mbele au nyuma ya kabari. Klachi ikianza kunuka, shuka upumzishe. Tairi lote likae juu ya kidato. Likining'inia ukingoni, uzito wote unabanwa kwenye kipande kidogo na nyuzi za ndani ya tairi huumia bila wewe kuona. Wenye magurudumu pacha nyuma wawe waangalifu zaidi: kabari hizi zina upana wa tairi moja, na tairi moja halikuundwa kubeba mzigo wa mawili. Ukishafika, vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, kisha weka vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki ardhini, upande wa bondeni.

Udhaifu mkubwa wa kabari hizi uko chini yake. Kwenye nyasi zenye umande, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huitupa kabari nyuma badala ya kuipanda. Dawa ni mkeka wa mpira uliolazwa chini ya ncha ya kabari na kuingia nusu chini ya tairi, ili uzito wa gari wenyewe uubane. Seti haiji na mkeka, na kwangu hilo ni pungufu la kweli. Tena kabari ni tupu kwa chini, ina mbavu tu, kwa hiyo jiwe moja lililochomoza linaweza kuipasua. Kwenye udongo laini au kokoto kubwa, tandika ubao wa plaiwudi wa mm 18 uliopita kingo za kabari pande zote.

Jeki zinashushwa gari likishatulia. Weka kipande cha ubao chini ya kila mguu, zungusha mpaka mguu uguse, kisha ongeza nusu mzunguko, au mmoja kamili kwenye udongo. Inatosha. Ukiona mlango umeanza kugoma kufunga, umezidisha: chesisi inajipinda, na dirisha huenda likafuata. Asubuhi pitia tena, kwa kuwa ardhi hunywea. Ubora wa jeki hizi ni skrubu yake, inazunguka laini hata ikiwa na vumbi, lakini tumia kilainishi kikavu. Grisi hukusanya mchanga na kula nyuzi za skrubu. Zinapunguza sana mdundo wa nyuma. Mtikisiko wa mbele na nyuma hauzihusu, huo unatulizwa na vizuizi vya magurudumu.

Mwenye gari kubwa la tani nyingi afikirie jeki za haidroliki, akikumbuka kwamba zinakula sehemu ya mzigo unaoruhusiwa na kwamba zina uwezo wa kuyanyanyua magurudumu ya nyuma kabisa. Breki ya mkono kwa kawaida hushika hayo hayo ya nyuma. Yakiwa hewani, gari halina breki.

Wakati wa kuondoka jeki zikunjwe kwanza, ndipo gari lishuke kwenye kabari. Likishuka miguu ikiwa bado chini, uzito wa nyuma unaziangukia jeki kwa ubavu, na jeki ya mkasi haina nguvu yoyote ya ubavuni. Mkono wa kuzungushia jeki uwekwe juu ya usukani jeki zikishashushwa, usirudishwe mahali pake mpaka jeki zote mbili zimekunjwa.