Kisanduku cha sabuni cha mashine ya kuoshea vyombo: kipi ununue ukiwa Mtwara

Unafungua mlango mashine imeshamaliza, unakuta tembe ya sabuni iko nzima ndani ya kisanduku chake na sahani zimeganda mafuta. Wenye mashine hizi pale Shangani na Mikindani, hasa wanaopangisha vyumba kwa wageni, mara nyingi huambiwa papo hapo wanunue kisanduku kipya. Usitoe hela kwanza. Hakikisha hakuna sinia wala mpini wa sufuria ulioegemea kifuniko kikashindwa kufunguka. Kisha chukua mswaki wa zamani na maji ya moto, sugua kile kidude kinachobana kifuniko pamoja na mpira wa ukingoni. Kwa unyevu wa pwani yetu, sabuni ya unga hugandamana pale ikawa ngumu kama saruji, na springi haiwezi kuisukuma.

Kikikataa bado, chomoa mashine kwenye umeme, fungua skrubu za upande wa ndani wa mlango (nyingi zinataka bisibisi ya ncha sita, T20), utenganishe bati la mbele. Utakiona kisanduku kwa nyuma na nyaya zake. Pima koili (waya uliozungushwa unaofungua kile kidude kinachobana kifuniko) kwa mita ya fundi umeme. Isiposoma kabisa, imekatika, na hapo kununua kuna maana. Ikisoma vizuri na kifuniko kinacheza bila shida, mwone fundi wa bodi ya umeme ya mashine, maana kisanduku kipya nacho kitakaa kimya vilevile.

Chaguo langu la kwanza ni kisanduku kipya chenye jina la mtengenezaji na namba ileile iliyochapwa nyuma ya kile cha zamani, hata kama mfuko wake hauna nembo ya mashine yako. Chapa nyingi hazitengenezi kisanduku hiki zenyewe. Eltek ya Italia, kwa mfano, huzitengenezea kampuni mbalimbali. Namba zikilingana na soketi ya nyaya ikiwa ya umbo lilelile, unapata kitu kilekile bila kulipia nembo.

Cha pili ni spea orijino ya chapa yenyewe. Nimeiweka nyuma kwa sababu ya bei tu, kwa ubora haina kasoro. Ukiwa na Bosch au Siemens, soma E-Nr (namba ya modeli) kwenye ukingo wa mlango. Chapa hizo mbili ni za kundi moja la BSH na spea zao nyingi huingiliana.

Cha tatu ni mtumba uliotolewa kwenye mashine iliyokufa ya modeli ileile. Hapa nakuomba uwe mgumu. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukiwa umekakamaa au una nyufa, rudisha. Jaza maji kwenye kile kitangi kidogo cha dawa ya kung'arisha glasi, ukilaze kisanduku juu ya karatasi kavu, upige soga na muuzaji kwa muda. Karatasi ikilowa, dawa itakuwa inavuja kila unapoosha na mashine itajaa povu. Pima na koili hapohapo dukani. Muuzaji anayekataa kupimiwa, mwache na mali yake.

Vya kuacha kabisa ni viwili. Kimoja ni kile cha "kinaingia mashine zote": tundu la mlangoni lina vipimo vyake, na ukiongeza silikoni ili kizibe, maji yatapenya hadi kwenye nyaya. Kingine ni cha mashine ya Marekani. Koili yake ni ya volti 120 na umeme wetu ni 230, itaungua.

Mara nyingi utaagiza Dar es Salaam, kitu kije kwa basi. Mtumie muuzaji picha ya mbele, ya nyuma na ya namba, naye akutumie picha ya kile alichoshika mkononi kabla hujalipa. Sisitiza kifungwe kwenye boksi gumu, kwa sababu kifuniko hiki ni plastiki nyembamba na safari inapita kilomita 500 chini ya mizigo ya watu.

Ukishakifunga, endesha mzunguko mfupi bila vyombo, kukiwa na sabuni kidogo tu, kisha pitisha kitambaa kikavu chini ya mlango. Kikitoka kikavu na sabuni imeisha kisandukuni, rudisha bati la mbele ukaze skrubu zote.