TAHADHARI: muuzaji wa kadi za posta za zamani za moteli, kanipiga changa la macho mchana kweupe

Jamani naandika hapa nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi, na aibu juu, maana mnanijua mimi ndo yule wa kukosoa kadi za wenzangu. Ile nafasi tupu kwenye albamu yangu ya kadi mnaijua. Holbrook, Arizona, moteli ya Wigwam, yenye vile vyumba vya zege vya umbo la tipi, yaani hema la Wahindi Wekundu, kwenye barabara ya Route 66, na nilitaka picha halisi iliyosafishwa studio, sio ya mashine ya uchapishaji, iwe na gari mbele. Sasa jamaa akaja inboksi bila kuitwa, eti amesikia naitafuta.

Kabla hamjaanza kunicheka, huyu hakuja na maneno matupu. Aliniuzia kwanza kadi moja ya lineni, yaani ya karatasi yenye mkwaruzo kama kitambaa, ya moteli ya Tucumcari, New Mexico, bei ya kawaida tu, ikafika imebanwa vizuri kati ya makaratasi magumu, na ilikuwa ya kweli kabisa, nimeipiga lenzi, nimeipapasa, ule mkwaruzo kama wa kitambaa upo, anga limepakwa bluu ile ya uongo ya Curt Teich, wale wachapaji wa kadi, tunayoipenda. Tena yeye ndo akanipa habari za moteli ya Blue Swallow ya hapohapo Tucumcari, jinsi Lillian Redman alivyoipata 1958, akaanza na namba ambazo Teich walichapa kwenye kadi zao, kwamba A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, tarakimu ya mbele ndo mwaka wenyewe, kwa hiyo 2B ni 1942. Mtu anayejua mpaka hayo unamwitaje tapeli? Akasema mzigo uliobaki ni wa marehemu baba yake, mzee alikuwa msafiri wa kuuza bidhaa, kila alipolala alinunua kadi, na ndugu wanataka kutupa maboksi yote. Nikamwonea huruma, wallahi.

Basi akanitumia picha. Kadi zimepangwa juu ya shuka la maua, Holbrook yangu iko katikati na gari lake, pembeni lineni kadhaa za hoteli za mapumziko za milima ya Catskills, New York, Grossinger's na Concord, moja ina stempu na muhuri wa posta. Holbrook ilikuwa na mkunjo kwenye kona ya kushoto juu, na huo mkunjo ndo ulionimaliza, maana nikajiambia nani aghushi kadi halafu aikunje? Ananipigia bei, dola 180 kwa zote, lakini kuna mwingine anasubiri, nilipe mtandaoni kwa ile njia ya marafiki na familia, isiyo na ulinzi wa mnunuzi, ili asikatwe makato. Nikalipa.

Bahasha ikafika nyembamba. Nikaanza na Holbrook, nikapitisha kidole gumba pale kwenye mkunjo. Hamna mkunjo. Laini! Naona mstari mweupe kwa macho, kidole hakioni kitu, yaani mkunjo umechapishwa!! Nikapapasa tena kama kipofu. Nikachukua ile yenye stempu, nikajaribu kuinua ukingo wa stempu kwa ukucha, hauna ukingo, stempu na muhuri na kadi vyote ni karatasi moja. Lineni hazina mkwaruzo, zimepigwa picha ya mkwaruzo. Kwenye lenzi ni vitone vya wino wa printa ya nyumbani vimetapakaa hovyo. Nikazipitishia taa ya UV, kadi za 1942, ambazo karatasi yake haitakiwi kung'aa, zinang'aa kama shati jeupe la disko.

Halafu migongo sasa. Ya Holbrook ina kile kisanduku cha stempu cha AZO, aina ya karatasi ya picha, pembetatu nne zote zinatazama juu. Hiyo ni karatasi ya 1904 mpaka 1918! Tipi za Holbrook zimejengwa 1950! Na ile ya Grossinger's imeandikwa 2B mbele, yaani 1942, nyuma kuna anwani yenye ZIP code, namba ya eneo ya posta ya Marekani, kitu kilichoanza 1963. Hata kughushi hajui, ameokota migongo popote akagandisha, na bado kanila.

Nikamwandikia kwa adabu kabisa. Akajibu "kila kitu kilivyo kwenye picha ndivyo ulivyopata", kisha akaniblok. Lakini kweli jamani, KILIVYO KWENYE PICHA.

Huyu asiachwe. Marekani utapeli kwa njia ya posta ni kosa la shirikisho, unaenda mpaka miaka 20 jela, na kuna wapelelezi wa posta kazi yao ndo hiyo, nimeshawapelekea malalamiko na picha zote. Afungwe. Afungwe na apewe chumba kisicho na dirisha, akatwe hela zetu zote, na huyo marehemu baba kama hata alikuwepo amtokee usiku. Mtu anatumia jina la mzazi wake kuuza karatasi za printa!

Dalili za tapeli kama huyu mtaniuliza, haya. Nilimwomba picha za migongo akasema taa yake mbovu, atatuma kesho, kesho haikufika. Ile ya malipo nimeshasema. Kadi ya kwanza ya kweli, hiyo ni chambo, ndogo na ya bei chee. Na mwombe aipige picha kwa mwanga wa pembeni, mkunjo wa kweli na lineni ya kweli vinatupa kivuli, cha kuchapa hakitupi. Mengine sikumbuki, nimechoka.

Sasa hivi ana jina jingine, anauza kadi za hoteli za fungate za Poconos, Pennsylvania, zile za beseni la kuogea la umbo la moyo, na anasema mzigo ni wa marehemu mama yake.